Kuajiri mtunza vitabu wa mbali: tafuta anayejua kuuliza

SWALI: Nina ofisi ndogo ya uhasibu. Tuko wawili, mimi na mwenzangu, na wateja wetu ni ishirini na kidogo, wengi wao biashara ndogo. Kuingiza miamala na kufanya usuluhisho wa benki, yaani kulinganisha vitabu na taarifa ya benki, kumetumeza, na ule ushauri ambao wateja wanatulipia hasa tunaufanya usiku tukiwa tumechoka. Tumeamua kuajiri mtunza vitabu atakayefanya kazi akiwa kwake, pengine hata nchi nyingine. Naogopa mambo matatu: ataiba, atavujisha siri za wateja, au tutamlipa bila yeye kufanya kazi. Rafiki yangu ananishauri niweke programu inayopiga picha skrini yake kila baada ya dakika chache. Nianzie wapi? Nimlipe kwa saa au kwa mwezi? Na wateja niwaambie?

JIBU: Hofu zako tatu zina msingi, ila umeiacha ya nne, na hiyo ndiyo naiona ikizigharimu ofisi ndogo kuliko zote. Mwizi ni nadra, na anaweza kufungiwa mlango. Mvivu hujulikana mapema, maana kazi isiyofanyika inaonekana kwamba haijafanyika. Anayeumiza ni yule mchapakazi, mwaminifu, msikivu, ambaye akikuta muamala asiouelewa anaukisia na kusonga mbele. Muamala unakaa mahali pasipo pake, urari (ile orodha ya salio za akaunti zote, ambayo pande zake mbili lazima zilingane) unakubali, salio la benki linakubali, nawe unakuja kuugundua mwisho wa mwaka ukiwa umefunikwa na mingine mia ya aina yake.

Mtu huyohuyo mngekaa naye chumba kimoja angeinua kichwa na kukuuliza, na jambo lingeisha. Akiwa mbali, kuuliza maana yake ni kuandika ujumbe, kusubiri jibu, na kuogopa kuonekana hajui kazi. Kukisia ni kubofya mara moja. Kwa hiyo karibu yote nitakayokueleza yanalenga shabaha moja: umpate mtu anayesimama anapofika asipopajua, kisha uipange kazi ili kuuliza kuwe kwepesi kwake kuliko kukisia.

Usianze na tangazo la kazi. Anza na mwenzako, mgawe kazi mezani. Kuna kazi zinazoweza kwenda: kupokea na kupanga ankara na risiti, kuingiza miamala, kuoanisha malipo na ankara zake, usuluhisho wa benki, orodha za wadaiwa na wadai, na rasimu ya hesabu za mwezi. Kuna zisizotoka ofisini: kuidhinisha malipo ya aina yoyote, marekebisho ya mwisho wa mwaka, kusaini na kuwasilisha ritani za kodi, na kumshauri mteja. Mishahara iko katikati. Mtunza vitabu anaweza kuiandaa, lakini asiwe yeye anayeongeza jina jipya kwenye orodha wala kubadilisha akaunti ya benki ya mfanyakazi.

Kisha andikeni ukurasa mmoja kwa kila mteja. Mmoja tu, lakini uwe na yale mambo ambayo sasa hivi yanaishi kichwani mwako: akaunti zake za benki ni zipi na kila moja ni ya nini, majina yanayojirudia kwenye taarifa ya benki na maana yake, mwenye biashara akinunua kitu cha nyumbani kwa fedha za biashara kinaandikwa wapi, kifaa cha thamani gani kinahesabiwa kuwa mali ya kudumu na cha thamani gani kinaenda moja kwa moja kwenye matumizi, mikopo iliyopo, hali yake kuhusu kodi ya ongezeko la thamani, na nani wa kuulizwa upande wa mteja. Jiandae kushangaa hapa. Ofisi nyingi hugundua wakati wa kuandika kurasa hizi kwamba washirika wawili wamekuwa wakiandika malipo yaleyale ya mteja yuleyule katika akaunti mbili tofauti. Mgeni angefanyaje kwa usahihi kitu ambacho wenyeji hawajakubaliana?

Pa kumpata pasikuchoshe sana. Waulize wahasibu wenzako, uliza kwenye chama chako cha taaluma, au tangaza kwenye majukwaa ya kazi za mtandaoni kama Upwork. La muhimu ni namna ya kuchuja. Vyeti vya programu, vile vya QuickBooks au Xero kwa mfano, vinaonyesha kwamba mtu anajua vitufe viko wapi. Vizuri, lakini vitufe hufundishika kwa muda mfupi. Kanuni za kuandika kila muamala pande mbili, debiti na krediti, zilichapwa Venice mwaka 1494 katika kitabu cha mtawa Luca Pacioli, na kompyuta haijazibadilisha. Imetuondolea kujumlisha tu. Tena programu za leo zina ubaya wake: haziruhusu kabisa ingizo lisilolingana, kwa hiyo kosa haliachi alama kama lilivyokuwa likiacha kwenye daftari. Mtu asiyeelewa pande mbili anaweza kutumia programu mwaka mzima na urari ukabaki umenyooka kama rula.

Katika mahojiano nina swali moja ninalolipenda kuliko mengine. "Mteja amelipa 1,000 kwa benki iliyomkopesha. Utaandikaje?" Anayejibu haraka kwamba ni matumizi, mshukuru kwa muda wake. Anayesema ni kupunguza deni, ana mwanga. Unayemtaka ni yule anayekurudishia swali: "Katika hiyo 1,000, riba ni kiasi gani? Naweza kuona ratiba ya mkopo?" Huyo ameelewa kwamba kama riba ni 150, basi 850 zinapunguza deni kwenye mizania, taarifa ya mali na madeni ya biashara, na 150 zinakwenda kwenye gharama, na ameelewa pia kwamba hawezi kujua hilo bila hati.

Baada ya mahojiano, mpe jaribio la kulipwa. Nasisitiza kulipwa, kwa sababu mtu mzuri ana kazi nyingine na hatatoa siku yake bure, na kwa sababu unataka kuona anavyofanya kazi ya kweli. Lakini usitumie nyaraka za mteja halisi, hata ukifuta majina. Tunga biashara ya mfano, mwezi mmoja, miamala kama sitini, taarifa mbili za benki, na rundo la ankara na risiti. Ndani yake zika mitego.

Weka ankara moja iliyoingia mara mbili, mara ya kwanza kama faili safi, mara ya pili kama picha ya simu iliyopinda. Weka uhamisho kutoka akaunti moja ya biashara kwenda nyingine, ambao kwenye taarifa ya benki ya pili unaonekana kama fedha iliyoingia. Asiyeangalia ataandika mauzo yasiyokuwepo. Weka marejesho ya mkopo. Weka mashine iliyonunuliwa kwa muuzaji ambaye siku zote huuza vipuri, uone kama ataitupa kwenye matengenezo. Weka malipo ya mteja mmoja yanayofuta ankara mbili yakiwa yamepungua kidogo kwa makato ya benki. Na mwisho weka utoaji wa fedha taslimu usio na risiti wala maelezo yoyote.

Mtego huu wa mwisho ndio jaribio lenyewe. Mingine inapima ujuzi tu. Fedha ile haina jibu sahihi ndani ya nyaraka ulizompa, na jibu pekee ni kukuuliza. Aliyeiweka kwenye "matumizi mengineyo" na kukukabidhi hesabu zinazolingana amekuonyesha atakavyofanya mwezi wa nne ukiwa na shughuli nyingi. Aliyekosea mtego wa ankara mbili lakini akakuletea orodha ya maswali matano yaliyonyooka, mimi namchukua huyo. La ankara mbili utamfundisha kwa siku moja. Tabia ya kukisia sijaona ikifundishwa ikatoka.

Kabla ya kumthibitisha, zungumza na watu wawili aliowahi kuwafanyia kazi, hakikisha utambulisho wake kwa hati, na umuulize waziwazi ana wateja wangapi wengine na mwisho wa mwezi wao unaangukia lini. Watunza vitabu wa kujitegemea wengi wazuri wana kazi nyingine, na si kosa. Tatizo ni pale wote mnapomhitaji katika siku tano zilezile.

Sasa malipo. Kwa miezi miwili au mitatu ya kwanza lipa kwa saa, maana hamjui bado kila mteja anakula muda gani. Baada ya hapo hamia kwenye kiwango cha kudumu cha mwezi kwa kila mteja, kikiwa na mipaka iliyoandikwa: idadi ya akaunti za benki, idadi ya miamala kwa wastani, na kazi zilizomo. Malipo ya saa yakidumu yanamwadhibu mwepesi na kumzawadia mzito. Lakini kiwango cha kudumu nacho kina hila yake, na watu wengi hawaioni: kila swali analouliza linamla muda wake mwenyewe, hivyo umemlipa kukisia. Dawa yake ni kuutaja muda wa kuuliza na kufuatilia majibu kama sehemu ya kazi kwenye mkataba, na kuupanga bei.

Kwenye mkataba, swali la kama ni mfanyakazi au mtoa huduma wa kujitegemea halimalizwi na jina mnaloliandika juu ya karatasi. Nchi nyingi hutazama hali halisi: nani anapanga saa zake, anatumia vifaa vya nani, ana wateja wengine, anaweza kumtuma mtu mwingine afanye badala yake. Akiwa nchi nyingine, sheria za kazi na kodi za huko anakoishi zinaweza kukuhusu wewe pia. Lipa mwanasheria wa kazi saa moja kwa jambo hili kabla ya kusaini. Mengine ya kuandikwa ni ya kawaida: usiri unaoendelea hata baada ya mkataba kuisha, kazi yote na karatasi zake kuwa mali ya ofisi, muda wa notisi, na katazo la kumpa mtu mwingine kazi hiyo bila idhini yako ya maandishi. Hilo la mwisho usilidharau. Hutokea mtu akaajiriwa yeye, na kazi ikafanywa na mpwa wake.

Nije kwenye wizi. Donald Cressey, msomi wa Marekani aliyechunguza watu waliofungwa kwa kutumia vibaya fedha walizoaminiwa, alieleza mwaka 1953 mambo matatu yanayokutana: shida ambayo mtu anaona hawezi kumwambia mwingine, nafasi ya kufanya, na sababu ya kujihalalishia. Shida za mtu aliye mbali huzioni, na mawazo yake huwezi kuyadhibiti. Kilichobaki mikononi mwako ni nafasi. Basi usimpe.

Kwa vitendo: asiwe na uwezo wa kutoa fedha katika akaunti yoyote, ya mteja wala yenu. Benki ikiwa na ruhusa ya kutazama tu, mpe hiyo. Isipokuwa nayo, programu ya uhasibu ivute miamala yenyewe, au taarifa za benki zishushwe na mtu wa ofisini. Asitumie kamwe jina na nywila za mteja. Kila mtu awe na jina lake la kuingilia kwenye programu, ili historia ya mabadiliko ionyeshe nani alifanya nini na lini. Mkiingia wote kwa jina moja, historia hiyo haina thamani. Washa uthibitisho wa hatua mbili kila mahali. Nywila zikae kwenye programu ya kuhifadhi nywila na zisitumwe kwa ujumbe. Nyaraka zikae kwenye hifadhi ya ofisi, asizishushe kwenye kompyuta inayotumiwa na familia nzima. Mkiweza kumpa kompyuta ya ofisi iliyosimbwa diski yake, bora zaidi. Mpe wateja aliopangiwa tu, hata kama programu inakurahisishia kumpa wote kwa mkupuo.

Kuna hatari moja hapa ambayo haimtegemei yeye kuwa mwizi. Barua pepe inafika, inaonekana imetoka kwa muuzaji wa mteja, ikisema akaunti ya benki imebadilika na malipo yajayo yatumwe huku. Mtunza vitabu mwaminifu anabadilisha na kuandaa malipo, nawe unaidhinisha kwa sababu jina ni lilelile. Kanuni iwe hivi: namba ya akaunti ya muuzaji haibadilishwi mpaka mtu wa ofisini au mteja mwenyewe apige simu kwa namba iliyokuwa kwenye kumbukumbu tangu zamani, na si namba iliyo ndani ya barua hiyo. Hakuna haraka inayovunja kanuni hii, hata mwenye biashara akipiga kelele.

Na siku ya kuachana, kwa amani au kwa ugomvi, ruhusa zake zote zifungwe siku hiyohiyo. Hutaweza kama hukuwa na orodha ya kila mahali ulipomfungulia. Iandike tangu siku ya kwanza na uiongeze kila unapofungua mlango mpya.

Programu ya kupiga picha skrini sikushauri. Itakuonyesha kwamba saa nne asubuhi alikuwa amefungua leja. Haitakuonyesha kama alichoandika ndani yake ni sahihi, na hilo ndilo unalolipia. Mbaya zaidi, inakukusanyia picha za taarifa za fedha za wateja wako na kuziweka kwenye kompyuta za kampuni ya tatu, yaani unaogopa siri zisivuje huku unatoboa tundu mwenyewe. Tena mtu anayehesabiwa dakika hujifunza haraka kuonekana yuko kazini. Muda wa kutazama picha hizo utumie kupitia kazi yake.

Namna ya kuendesha wiki ni rahisi kuliko unavyofikiri, na kiini chake ni orodha ya maswali. Kwa kila mteja iwe na jedwali moja mnaloliona wote: tarehe ya muamala, kiasi, jina lililo kwenye taarifa ya benki, swali, anavyodhani yeye, na jibu lako. Safu ya "anavyodhani" ni muhimu. Inamlazimisha kufikiri kabla ya kuuliza, na wewe mara nyingi unajibu kwa neno moja: ndiyo. Pia inakuonyesha uelewa wake unavyokua. Ukiona dhana zake zimekuwa sahihi wiki baada ya wiki kwa mteja fulani, mruhusu asiulize tena aina hiyo ya muamala, na uandike uamuzi huo kwenye ule ukurasa wa mteja.

Muamala usiojibiwa unakaa kwenye akaunti ya muda, ile ya kuegesha yasiyojulikana. Sheria mbili kuihusu. Kila kilichomo kiwe na mstari wake kwenye orodha ya maswali, na mwezi usifungwe kabla haijafika sifuri au kabla hujakubali kwa maandishi kwamba kiasi fulani kinasubiri. Ofisi zinazoiona akaunti hii kama aibu huwafundisha watu wao kuificha kwa kukisia. Iwe pana mwanzoni mwa mwezi, haina ubaya.

Upande wako una wajibu mmoja, kujibu. Tenga nusu saa katika siku mbili maalumu za wiki, na uzilinde. Mtunza vitabu anayekaa siku sita bila jibu atajifunza kwamba maswali yake ni usumbufu, kisha utapata hesabu safi zisizo na swali hata moja. Hesabu za namna hiyo zikushtue. Tofauti ya saa kati ya nchi na nchi si kikwazo kikubwa kazi ikipangwa hivi; mnahitaji saa moja au mbili za kukutana, siku chache kwa wiki, na simu moja fupi ya video kila wiki, hata mwezi ukiwa mtulivu.

Kuwasiliana na wateja moja kwa moja, mwanzoni hapana. Maswali yapitie kwako, uyachuje, umtumie mteja mara moja kwa wiki kwa pamoja, maana mteja anayepigwa maswali kumi kwa siku kumi huacha kujibu. Baada ya miezi kadhaa, akishazoeana na vitabu vya mteja, mwachie aandike mwenyewe kwa anwani ya ofisi ambayo nawe unaiona.

Mapitio ndiyo kazi yako mpya, na usijidanganye kwamba umepunguza kazi mwezi wa kwanza. Utaongeza. Mwezi wa kwanza pitia kila ingizo la kila mteja uliyemkabidhi, ndiyo maana umkabidhi wawili au watatu tu, tena wa kawaida: si yule rahisi kabisa ambaye hatakufunza kitu, wala yule mwenye maduka na mikopo na mgogoro wa wabia. Mwezi wa pili pitia yaliyo makubwa na yaliyo mapya. Kuanzia wa tatu, chagua sampuli, lakini usimwambie unachagua vipi.

Unapopitia, usianze na mapato na matumizi, ingawa mteja huanza hapo. Anza na mizania, kwa kuwa makosa huenda kujificha huko. Salio la kila akaunti ya benki lilinganishwe na taarifa ya benki yenyewe. Maneno "imesuluhishwa" kwenye skrini hayatoshi. Tazama vitu vilivyobaki havijaoanishwa: pokezi la fedha la miezi mitatu iliyopita ambalo halijafika benki mara nyingi ni ingizo lililorudiwa. Tazama wadaiwa wenye salio hasi, ambao kwa kawaida ni malipo yaliyoandikwa bila kuunganishwa na ankara yake, na ankara hiyo bado inahesabiwa kama deni. Salio la mkopo lilingane na la mkopeshaji. Makato ya mishahara yanayodaiwa yashuke hadi sifuri kila yanapolipwa. Yakiwa yanakua tu mwezi hadi mwezi, malipo yanaandikwa kama gharama mahali pengine. Na faida iliyolimbikizwa ya kuanzia mwaka ilingane na hesabu za mwaka jana zilizosainiwa. Ikibadilika, mtu amegusa kipindi kilichofungwa. Programu nyingi zina uwezo wa kufunga tarehe zilizopita. Uwashe, na ufunguo wa kufungua ubaki kwako.

Kwenye mapato na matumizi, weka miezi sita ubavuni kwa ubavuni na utafute mashimo. Kodi ya pango iliyokosekana mwezi mmoja na kuonekana mara mbili mwezi unaofuata, umeme uliopanda ghafla mara nne. Akaunti ya "matumizi mengineyo" ifungue kila mwezi bila kukosa, hiyo ndiyo shimo la kukisia. Chunguza pia kanuni za kujiendesha ndani ya programu, zile zinazopanga miamala ya benki zenyewe kwa kufuata jina. Kanuni hizo ni kukisia kulikofanywa na mashine. Ziruhusu zipendekeze, zisiruhusiwe kuandika moja kwa moja, na kanuni mpya ipite kwako.

Kuna ujanja wa zamani ambao bado unaokoa muda pale salio la kitabu na la benki yanapotofautiana. Tofauti ikigawanyika kwa 9 bila kubaki, shuku tarakimu zilizopishana nafasi: 7,350 iliyoandikwa 7,530 inaacha tofauti ya 180. Na nusu ya tofauti ikiwa ni kiasi kinachoonekana kwenye orodha, kuna uwezekano kiliandikwa upande usio wake. Mfundishe haya, atayapenda.

Makosa utayakuta. Usiyarekebishe mwenyewe kimya kimya usiku, hata kama kurekebisha ni haraka kuliko kueleza. Yarudishe kwake kwa maandishi, ayarekebishe yeye, na aseme kosa lilitokea wapi. Kosa la kwanza lisikukasirishe. Kosa lilelile kwa mara ya tatu ni taarifa kuhusu mtu, au kuhusu ukurasa wako wa maelekezo. Usome upya ukurasa kwanza. Lakini ukikuta ameandika maelezo ya kubuni kwenye muamala ili ufanane na uliojibiwa, hapo hakuna cha kusubiri. Maliza mkataba, hata kama kiasi chenyewe ni kidogo.

Swali lako la mwisho, wateja. Waambie, tena kabla. Usiri ni mmoja wa misingi mitano ya kanuni za maadili za wahasibu zinazotolewa na bodi ya kimataifa ya IESBA, na unakubana wewe hata pale kazi inapofanywa na mwingine. Sheria za ulinzi wa data nazo zinaweza kugusa hatua ya kupeleka taarifa nje ya nchi. Ile ya Umoja wa Ulaya, GDPR, iliyoanza kutumika Mei 2018, ina masharti maalumu juu ya data za watu zinazovuka mipaka ya nchi zake, na nchi nyingine nyingi zina sheria zao. Angalia ya kwako na ya kule aliko mtunza vitabu. Kisha ongeza kifungu kwenye barua ya makubaliano na mteja: kwamba sehemu ya kazi inaweza kufanywa na watu wanaofanya kazi kwa mbali chini ya usimamizi wenu, kwamba wamefungwa na usiri uleule, na kwamba wajibu wa kazi unabaki kwenu. Wengi watasaini bila neno. Wachache watauliza kama mtu huyo anaweza kugusa fedha zao, na utakuwa na jibu fupi. Mmoja au wawili watakataa, na ni haki yao. Vitabu vyao viendelee kuandikwa na nyinyi wawili, kwa bei inayolingana na muda wenu.